Deni la Marehemu, Simu za Walio Hai

Mtu akifa kijijini kwetu, mimi ni miongoni mwa wanaopigiwa simu mapema. Si kwa sababu ya umri wala ukoo. Ni kwa sababu daftari la matanga liko kwangu. Kazi hii niliirithi kwa mama mkwe, mwanamke aliyejua hesabu kuliko makarani wengi lakini kalamu hakuizoea, kwa hiyo mke wa mwanawe aliyefika Darasa la Saba akawa mkono wake wa kuandikia. Mchana nashona nguo sokoni Chavakali, kaunti ya Vihiga, magharibi mwa Kenya. Jioni, kukiwa na msiba, naketi kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango wa wafiwa, naandika nani kaja na nini.

Daftari la zamani kuliko yote nililo nalo lina safu tatu: jina, alicholeta, alichofanya. Katika safu ya pili utasoma mahindi debe moja, jogoo, sukari kilo mbili, kuni mzigo, blanketi. Katika ya tatu: amechimba, ameteka maji, amekesha, amekwenda Kakamega kuleta mwili, amewalaza wageni wa kutoka Lugari. Shilingi zimo pia, lakini chache, nyingi za walimu na watu wa serikali. Kuna mzee mmoja, maskini hohehahe, ambaye jina lake liko karibu kila ukurasa, na kila mara safu yake ya pili ni tupu na ya tatu imejaa. Alipofariki yeye, watu walijaa mpaka nje ya ua, wengine wakasimama kwenye mahindi ya jirani na jirani hakusema kitu. Mama mkwe akaniamuru nifungue daftari nisome mbele ya wote makaburi ambayo mzee huyo alikuwa amechimba. Nilisoma mpaka sauti ikakauka. Sijawahi kusikia wasifu wa marehemu uliomheshimu mtu kuliko ule, na hakuna aliyekuwa ameuandika kama wasifu.

Sasa fungua daftari la 2010 au 2012. Safu ya tatu bado imechorwa, lakini wino ni wa kubahatisha. Fungua la miaka iliyofuata. Safu hiyo haipo. Niliacha kuichora kwa sababu ilikuwa inanipotezea nafasi ya tarakimu.

M-Pesa ilipoanza Machi 2007 tulitangaziwa kwamba ni ya kutuma pesa nyumbani, na kweli ndivyo tulivyoitumia. Huduma yenyewe sina ugomvi nayo. Kabla yake, mtoto wako akiwa Nairobi alitia noti kwenye bahasha akampa dereva wa basi la usiku, na bahasha ikifika haijafunguliwa ulikuwa unamshukuru Mungu na dereva kwa pamoja. Mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, watu wetu wengi walikwama Nakuru na Eldoret, barabara zimezibwa, na wengine walifikiwa na pesa za simu kabla hawajafikiwa na msaada mwingine wowote. Mtu anayesema simu ililetwa kutuharibu hakuwa na ndugu Nakuru mwaka ule.

Lakini pesa zilipoanza kufika bila mtu, mtu naye akaanza kuona hana haja ya kufika. Hilo halikutokea siku moja. Kwanza alikosa wa Mombasa, tukasema ni mbali. Akakosa wa Nairobi, tukasema kazi. Akakosa wa Kisumu, ambako ni safari ya matatu ya asubuhi. Mwishowe akakosa wa nyumba ya pili, ambaye alituma mia tano akiwa kitandani mwake huku akisikia watu wanachimba.

Kisha likaja kundi la WhatsApp. Michango ikawa inaandikwa huko, majina yakifuatana na namba, na kila anayechangia anaituma orodha upya na jina lake likiwa chini: fulani elfu mbili, fulani elfu moja, fulani mia tano. Niliona kitu ambacho daftari halikuwahi kufanya. Daftari lilikaa kwangu. Aliyetaka kujua alikuja akauliza, na mimi nilijua kwa nini anauliza. Orodha ya simu ilimsomesha kila mtu umaskini wa mwenzake, hata aliyeko Qatar. Wenye kutoa mia moja wakaanza kuona haya, wakanyamaza. Mjane aliyekuwa akileta kuni hakuwa na simu ya kuingia kwenye kundi, kwa hiyo kuni zake hazikuonekana popote. Bado alileta, kwa muda. Baadaye wafiwa wakaanza kununua gesi.

Watu wa redio na wanasiasa wakizungumzia kwetu husema shida ni wingi. Wingi upo, siwezi kuukana. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 590,013 katika kaunti ya Vihiga, kaunti ndogo ambayo ukubwa wake haufiki kilomita za mraba 600. Hiyo ni zaidi ya watu elfu moja kwa kila kilomita ya mraba, wakati wastani wa Kenya nzima ulikuwa watu 82. Ukigawa kwa ekari unapata zaidi ya watu wanne kwa kila ekari moja, na humo mna pia barabara, shule, makanisa na yale majabali yetu ambayo hayaoti kitu, labda uyavunje uuze kokoto. Babu za waume zetu waliona mambo yanakoelekea. Baada ya uhuru wengi walipata mashamba ya makazi Lugari, wengine walikuwa wameshavuka mpaka kwenda Uganda, na mpaka leo msiba wetu sisi Wamaragoli hauna ramani moja.

Lakini mimi nimekaa na wingi huo na daftari mkononi, na nasema: wingi ndio uliokuwa unatuzika. Kaburi la futi sita kwenye udongo wetu, uliochanganyika na mawe, vijana wanane wakipokezana wanalimaliza kabla ya jua kali. Maji ya kupikia watu mia tatu yanatekwa na wanawake ishirini kwa safari moja ya mtoni. Kukesha hakumchoshi mtu kama mko wengi. Mahali penye watu wanne kwa ekari, mfiwa hawezi kulia peke yake hata akitaka. Kubanana kulitufundisha adabu: kuvuka ua wa mtu kwa kubisha, kutouliza chungu cha jirani kina nini, kulipa kibaba ulichokopa kwa kibaba kilichofura kidogo.

Na kama wingi peke yake ndio unaoua utu, basi hali ingekuwa inatengenea. Mama yangu alizaa tisa. Mimi nilizaa wanne. Binti yangu ana wawili na amesema basi. Hata takwimu za nchi ziko hivyo: mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya kwa wastani alizaa watoto wanane, na utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulipata wastani wa 3.4. Tunapungukiwa na watoto kwa kila nyumba, ilhali kila mwaka nakusanya watu wachache zaidi wa kubeba jeneza.

Nilikuja kuelewa kinachotendeka mwaka ule ule wa sensa. Kijana mmoja wa boda boda, wa ukoo wa mume wangu, alihesabiwa Agosti na tukamzika Novemba. Aligongwa na lori usiku kwenye barabara ya Kisumu kwenda Kakamega. Alikuwa hajafika miaka thelathini, ana mke, ana mtoto mmoja, na alikuwa ni yule kijana anayekubeba leo na kukuambia utamlipa soko likifunguka.

Jioni ya kikao cha kwanza cha mazishi, mwili ukiwa bado mochari, simu zilianza kulia. Si simu moja. Mchungaji wa kanisa la Marafiki alichomoa yake, akasoma, akairudisha mfukoni bila kusema. Kisha ya liguru, mzee wa kijiji. Kisha ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Kisha yangu. Ujumbe ulikuwa wa Kiswahili cha kuungaunga: tumwambie fulani alipe deni lake leo, amekimbia na pesa za watu, na sisi ndio aliotuandika kuwa wadhamini wake. Jina lake kamili lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa. Mama yake ana ile simu ndogo ya tochi na macho yake hayasomi vizuri, kwa hiyo akampa mjukuu amsomee. Mtoto akasoma kwa sauti, kama anavyofundishwa shuleni kusoma, neno kwa neno: bibi, wanasema baba mdogo ni mwizi.

Tulipoanza kuulizana tukagundua kwamba ujumbe umefika mbali kuliko kikao chetu. Muuza nyanya wa Mbale aliupata. Nesi wa zahanati aliupata. Mwanamke wa Majengo ambaye aliwahi kubebwa mara moja akiwa na mtoto mgonjwa aliupata. Simu ya mtu wa boda boda haina ndugu peke yao. Ina kila mteja aliyewahi kumwambia nichukue kesho asubuhi. Orodha ile ndiyo iliyokuwa biashara yake. Ilikuwa pia ukoo wake, kanisa lake na marafiki zake wa kituoni, vyote vimelala pamoja kwenye kifaa kimoja cha mfukoni.

Nilipiga ile namba. Akapokea kijana mwenye sauti ya heshima, na nyuma yake nikasikia sauti nyingine nyingi zikizungumza kwa pamoja. Nikamwambia mtu unayemtafuta yuko mochari. Akasema, pole sana mama. Akanyamaza kidogo, halafu akaendelea kama anayesoma karatasi: basi ni nani kati ya jamaa atachukua jukumu la deni? Nikamwambia hatujamzika. Akaniomba nimpigie picha cheti cha kifo nimtumie. Nikamuuliza, mwanangu, wewe kwenu ni wapi? Akashusha sauti akaniambia ni wa huku huku magharibi, lakini kijiji hakukitaja. Akasema, mama, mimi nimeajiriwa tu, nisipofikisha kiwango cha siku sina changu. Mpaka leo simchukii. Ana shahada, nadhani, na amekosa pa kuipeleka, na mahali pekee palipomtaka ni pale wanapolipa watu kwa kuwaaibisha wenzao.

Jinsi mambo yalivyofanyika nilielezwa baadaye na mpwa wangu anayeshughulika na simu. Unapopakua programu ya mkopo, inaomba ruhusa ya kusoma namba zote ulizohifadhi. Unabonyeza kubali, kwa sababu usipobonyeza hakuna mkopo, na kwa sababu sisi sote hubonyeza kubali bila kusoma. Kijana wetu hakuwa na hati ya shamba. Hakuwa na ng'ombe. Hata pikipiki aliyoiendesha ilikuwa ya mkopo mwingine, imefungwa kifaa ambacho kampuni inaweza kuizima ikiwa ofisini, na kampuni hiyo ilikuja kuichukua ikiwa imepinda vile vile kabla hata hatujatandika tenti. Benki ya zamani ingemwambia huna dhamana, nenda nyumbani. Hawa walimwambia unayo. Walikuwa wametuona sisi. Dhamana ilikuwa heshima yake mbele ya mchungaji, mbele ya mama yake, mbele ya muuza nyanya wa Mbale. Walijua mtu wa kwetu atauza kuku wa mwisho, atakopa kwingine alipe hapa, lakini hatakubali jina lake lisomwe na mjukuu kwa mama yake. Na kweli, ndivyo alivyokuwa akifanya. Mke wake alitueleza alikuwa anachukua hapa akilipa pale, mikopo ya wiki mbili mbili, ada juu ya ada, kwa pesa ambazo mwanzo wake ulikuwa karo na tairi.

Hapa ndipo naona wingi wetu, simu na tamaa vilipokutana. Palipo na watu wengi wanaojuana, pana mali. Sisi tuliitumia kuchimba makaburi. Kuna mtu mahali fulani aliiona akaitia bei.

Lazima nieleze siku ya kunyoa, kwa ajili ya msomaji ambaye si wa kwetu. Siku chache baada ya mazishi, wafiwa hunyolewa nywele na wazee huketi uani kumaliza mambo ya marehemu. Miongoni mwa mambo hayo ni madeni. Liguru huuliza mbele ya wote: nani anamdai? Anayedai husimama, ajulikane ni nani, aseme ni nini na kilichukuliwa lini. Watu wanamtazama usoni. Ndugu wa marehemu wanaulizwa kama wanalijua deni hilo. Wanakubali, au wanapinga, au wanaomba muda mpaka mavuno. Kisha liguru anageuza swali: nani alikuwa anadaiwa na marehemu? Hapo husimama watu ambao hakuna yeyote angewajua wasingejitaja. Nimeona mwanamume akitoa mia tano mfukoni akasema nilikopeshwa na huyu na hakuna aliyetuona. Nimeona pia wanaosimama na kusema, nilikuwa namdai lakini nimefunga mdomo. Hao, ambao wamesamehe deni, huandikwa kwenye daftari langu, na naandika vivyo hivyo: amefunga mdomo.

Dai la deni si ukatili. Wazee wetu walikuwa wakali kwa deni, na aliyedanganya siku ile alilaaniwa. Lakini mdai alilazimika kuja na uso wake, akae kwenye benchi moja na mjane, anywe chai ya nyumba hiyo, kisha ndipo ataje namba. Wengi wakishakunywa chai ile hupunguza namba.

Siku ya kumnyolea kijana wetu, wadai wa kijijini walisimama wanne. Mwenye duka la vipuri. Mwanamke wa chapati, ambaye alifunga mdomo. Mwenzake wa kituoni. Binamu yake. Halafu baba yake mdogo, mtu wa mzaha hata msibani, akainua simu ya marehemu ambayo ilikuwa bado inatetemeka, akasema huyu naye anadai, apewe nafasi asimame. Watu wakacheka, kicheko cha hasira. Nikamuuliza liguru kama niandike. Akasema, mwanangu, andika jina la mtu. Ukipata jina la mtu, andika. Sikulipata. Kampuni ilikuwa na jina la kuvutia na rangi za kuvutia, mtu hakuwemo.

Mwezi ule ule wa Novemba 2019 ndipo Sheria ya Kulinda Data ilipotiwa sahihi Nairobi, na sisi hatukujua. Mwishoni mwa 2021 Benki Kuu ilipewa mamlaka juu ya wakopeshaji wa simu, na Machi 2022 kanuni zikatoka: mkopeshaji apate leseni, asitishe mtu, asitukane, asipigie watu wa kwenye simu ya mdaiwa ili kumwaibisha. Kanuni nzuri. Kwenye kamati yetu sasa yuko mwalimu mstaafu ambaye amezichapisha na huzibeba kwenye mfuko wa plastiki pamoja na miwani yake. Ujumbe wa namna hiyo ukija, mwenye kuupokea haujibu. Unapelekwa kwa mwalimu, naye hujibu kwa Kiswahili sanifu na namba ya kanuni. Umepungua sana. Haujaisha.

Nisije nikafanya kama kwamba tamaa ni ya watu wa mbali. Kijana huyo tulimzika wapi? Baba yake aligawiwa robo ekari, na kwenye robo hiyo kuna nyumba mbili, choo, migomba na makaburi mawili ya zamani. Kulikuwa na kipande cha chini kinachotazama barabara, ambacho kingemtosha yeye na mtoto wake. Kaka yake mkubwa alikuwa amekiuza mwaka mmoja kabla, kupitia kwa dalali aliyekuwa akipita vijijini na simu yenye picha za viwanja. Sheria inataka bodi ya ardhi iridhie na mke wa muuzaji akubali. Bodi iliridhia. Mke alikubali, kwa sababu aliahidiwa karo za watoto. Pesa hazikufika shuleni. Ziliingia kwenye kubeti, mechi za Uingereza, usiku mmoja mmoja, kwa simu hiyo hiyo, mpaka zikaisha na hakuna jirani aliyeona zikitoka. Zamani mtu akiuza shamba anywee pombe, angalau tulimwona amelewa na tukaweza kumwita kikaoni.

Mnunuzi, ambaye naye hakuwa na kosa, alijenga ukuta wa mawe kufuata mpaka wake. Gari la maiti halikupita. Jeneza lilibebwa kwa ubavu, likiwa limeinamishwa, kati ya ukuta na nyumba ya jiko, na vijana waliolibeba wakachubuka viganja. Mama yake alitembea nyuma akisema polepole, msimwinamishe mwanangu, msimwinamishe. Kaka alikuwa upande wa mbele kushoto. Sikumwona akiinua macho, na sitasema zaidi juu yake kwa sababu bado tunakaa naye, amesharudi kanisani na anajaribu.

Biashara ya mazishi yenyewe ningeweza kuiandikia kitabu, ila haistahili. Tenti, viti, vyombo vya muziki, wapishi wa kukodi, ratiba ya rangi yenye picha ya marehemu akiwa na miwani ya jua, mpiga picha na kile kindege chake kinachovuma juu ya vichwa wakati wa sala. Kufa kufaana, wahenga walikwisha sema. Nimewahi kuletewa bajeti ya kamati ambayo kifungu cha mengineyo kilikuwa kikubwa kuliko jeneza. Nikauliza mengineyo ni nani. Kicheko kikawa kingi na bajeti ikaandikwa upya.

Korona ilipokuja 2020 na serikali ikasema mazishi ni watu 15, tulidhani itatufundisha kupendana. Tuliwazika watu wetu upesi na wachache, wengine wakitazama kwa simu wakiwa Nairobi na Uarabuni. Ilikuwa haki wakati ule, hakukuwa na njia. Ila masharti yalipoondolewa, kuna waliobaki kwenye skrini. Kutazama kulikuwa kumeshawatosha.

Tulichofanya si kikubwa. Baada ya vikao vingi, na makelele mengi zaidi, orodha ya michango haitumwi tena kwenye kundi. Kila anayetoa hupata ujumbe wake peke yake kutoka kwangu, na aliyetoa mia moja anashukuriwa kwa maneno yale yale ya aliyetoa elfu tano. Kundi la simu linatangaza kifo, tarehe na zamu. Na nimechora tena safu ya tatu. Kila nyumba ina zamu: kuchimba, maji, kukesha, kukaa na mjane ile wiki ya kwanza baada ya wageni kuondoka, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote na zamani haikuhitaji zamu. Mwanzoni vijana walisema tunawarudisha nyuma. Sasa wengine hunipigia kuuliza kama jina lao limeandikwa. Huwa naenda na daftari nikawaonyesha.

Jambo ambalo halijaamuliwa ni hili. Kuna mtu wetu anakaa Kangemi, Nairobi, ana kazi nzuri na moyo mzuri, na mwezi uliopita alikuwa na zamu ya kuchimba. Alituma elfu moja na ujumbe: mtafuteni kijana anichimbie, mumlipe. Vijana wa hapa wameshangilia. Wanasema, shangazi, kazi hatuna, mnatuambia tuchimbe bure wakati mtu yuko tayari kulipa. Hiyo elfu moja ni unga wa wiki. Na hawasemi uongo. Pale penye watu wanne kwa ekari, kijana mwenye jembe na asiye na shamba la kulima ana haki ya kuuliza jembe lake lina bei gani. Liguru anaelekea kukubali. Mwalimu mstaafu amependekeza tuweke ada rasmi ya kununua zamu, ili wote walipe sawa. Mimi nimeshawaambia kwamba tukiweka ada hiyo, kufikia mwaka ujao waliobaki kuchimba watakuwa ni wale wasio nacho, wakiwachimbia walio nacho, na itabidi wachungaji waje watuhubirie kwamba sisi ni ndugu.

Elfu moja yake bado ninayo, nimeiweka kando, sijaiandika kwenye safu yoyote. Kikao ni Jumapili baada ya ibada. Nimemwandikia mwenyewe wa Kangemi, kwa heshima, kwamba nitapinga, kwamba akitaka kujitetea aje, na kwamba basi la usiku kutoka Nairobi bado linashusha watu Chavakali asubuhi.